Skafu ya Kuzunguka Kiwanda

Hapa Wexley, Michigan, mtu hamjibu mgeni ukweli. Si kwamba tuna siri. Siri zitoke wapi katika mji ambao kila mtu anajua jirani yake kala nini? Ni desturi ya kiwanda tu. Mtu akiajiriwa Bransted, kampuni yetu ya magari, siku ya kwanza alikabidhiwa ndoo na kuambiwa aende bohari akachote mvuke. Alizunguka nayo idara hadi idara, kila fundi akimwelekeza mbele zaidi kwa uso mkavu, mpaka ashtuke mwenyewe au alie. Akishtuka akacheka, alikuwa ndugu. Kaz Dudek alizungushwa na ndoo hiyo akiwa kijana ambaye masharubu hayajaota sawasawa, na tangu hapo amewazungusha wengine wasiohesabika.

Kwa hiyo mtu akimuuliza Kaz habari za Benki, alijua la kufanya.

Benki yenyewe haikuwa na hela. Ilikuwa chumba kirefu nyuma ya idara ya rangi, chenye meza za plastiki, mashine ya kahawa na saa ya ukutani. Zamani chama cha wafanyakazi kilivutana na kampuni mpaka ikasaini kwamba mtu anayenyang'anywa kazi na mashine hatafukuzwa. Ataendelea kulipwa, ila aripoti kila alfajiri na kukaa mpaka zamu iishe, akingoja kuitwa. Wakubwa wakakiita chumba hicho benki ya kazi, kana kwamba watu ni akiba. Kaz alikuwa fundi wa kuchomelea milango. Ikaja mikono ya chuma isiyoumwa mgongo wala kwenda msalani, naye akawekwa akiba. Kulala humo kulikuwa marufuku. Wengine walicheza karata, wengine walisoma gazeti mpaka matangazo ya vifo. Kaz aliitazama saa. Mtu aliyezoea kurudi nyumbani mikono ikinuka chuma alianza kurudi mikono ikinuka sabuni, na jambo hilo lilimuuma kuliko alivyokiri kwa yeyote, hata mkewe Bernadeta, hata padri.

Mwaka ule majani yalipoanza kupukutika, Bransted ikaanza kukata roho. Magari mapya yalijaa uwanjani bila mnunuzi, na mkurugenzi akapanda ndege Washington kuiomba serikali imwokoe. Kila nyumba ya Wexley ikawa bunge.

"Mimi saluni yangu ilipokufa, nani alikuja kuniokoa?" alisema Wanda, dada mdogo wa Bernadeta, Jumapili moja wakiwa mezani kwa Kaz. "Rais alikuja? Nilibeba vikaushio vyangu mwenyewe mpaka nyumbani."

"Mama mdogo, saluni yako ilikuwa na wafanyakazi wawili," alisema Tessa, binti ya Kaz.

"Na mmoja wao wateja walikuwa wanamkimbia," Kaz akachomekea. "Sisemi nani."

Meza nzima ikacheka, Wanda naye akacheka, ila hakuachia.

"Nicheke tu, shemeji, lakini nijibu. Mtu anatengeneza magari watu hawayataki. Wakubwa wanajipa marupurupu. Halafu kodi yangu mimi ndiyo ikawatoe shimoni?"

Aliyejibu alikuwa Royce, mume wa Tessa, ambaye bado alikuwa na kazi kwenye mstari wa kuunganisha magari, akifunga viti. "Mabenki ya New York yamepewa, na hakuna aliyeyapigisha magoti. Wao walichezea pesa za watu. Sisi tumechezea nini? Tumekaza boliti."

"Kwa hiyo mwizi mmoja akipewa, na wa pili apewe?"

"Mama mdogo, mimi si mwizi," alisema Royce, na safari hii hakuna aliyecheka. Akaweka uma chini. "Binamu yangu amepiga simu tena kutoka Tennessee. Kile kiwanda cha magari cha wageni kinaajiri. Bransted ikifungwa, mimi sikai hapa kuhesabu theluji. Tunahama."

Chini ya meza Nola, mtoto wao, alikuwa akimlisha mbwa kabichi. Nyumba ya Royce ilitazamana na ya Kaz, na kila Jumamosi asubuhi yule mtoto alivuka barabara peke yake, viatu vya theluji amevivaa kinyume, aje anywe chai na babu yake. Wanda na Royce wangeweza kubishana mpaka kiama kama serikali iokoe viwanda au iviache vife. Kaz hakuwa na nafasi ya kubishana. Kiwanda kikifa, Nola anaondoka. Hesabu yake ilikuwa hiyo tu.

Msimu wa kuwinda kulungu ulifunguliwa, na siku hiyo hapa kwetu ni sikukuu hata kama kanisa halijui. Jioni baa ya Stosh ilijaa wanaume wenye vizibao vya rangi ya machungwa. Kaz alikuwepo na kundi la Benki, akiwemo Odessa Crume, mama mmoja mwenye sauti ya kengele na ulimi wa wembe, aliyekuwa akimwongoza Kaz kwenye milango enzi zile. Akaingia kijana wa televisheni, viatu vyake havijawahi kuona tope. Akanunulia meza nzima bia, akatoa kamera ndogo, akauliza kwa adabu.

"Wazee wangu, nasikia kuna chumba mnalipwa kukaa. Huwa mnafanya nini humo?"

Kaz akamtazama, akaiona ndoo mkononi mwake.

"Mimi nafuma," akasema.

"Unafuma?"

"Sufu. Nimefuma skafu inayoweza kuzunguka kiwanda kizima, na bado ikabaki ya kumnyongea meneja." Meza ikaanza kutikisika. "Huyu Odessa amejifunza Kifaransa. Zamani alikuwa anatutukana kwa lugha moja, sasa mbili. Yule pale kwenye kona analala. Yeye ni mtaalamu, tumempa cheo. Mama Bransted anatulea vizuri, kijana. Mwambie Rais asitufunge, ataua ufumaji Marekani nzima."

Watu walicheka mpaka bia ikawatoka puani. Odessa alipiga meza kwa kiganja. Kijana alicheka pia, akashukuru, akaondoka, na Kaz akasema, "Huyo kesho atakuwa Ohio bado anatafuta mvuke." Wakacheka upya. Mwanamume wa Bransted hakufundishwa kumwambia mgeni kwamba anaumia. Angesema hivyo, wenzake wangemuuliza kama aitiwe mama yake.

Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha. Huu ulitumbuka Ijumaa, kwenye ukumbi wa chama, siku ya samaki wa kukaanga. Nje, kwenye maegesho, kilikuwepo kile kibao cha miaka yote kinachosema magari yaliyoundwa nchi za nje yatavutwa. Ndani, watu na watoto wao walikuwa wameshika sahani, wakiitazama runinga iliyotundikwa juu ya mlango. Maseneta walikuwa wakijadili kama waikopeshe Bransted. Akasimama seneta mmoja wa kusini, mtu wa sauti ya upole.

"Ndugu zangu," akasema, "huko Michigan yuko bwana analipwa mshahara kamili ili afume. Msinisadiki mimi. Msikilizeni mwenyewe."

Kwenye skrini ikatokea baa ya Stosh, na Kaz, mashavu mekundu, akisema Mama Bransted anatulea vizuri.

Mafuta ya samaki yalisikika yakichachatika jikoni. Kaz alisimama na sahani yake akitabasamu, kwa sababu uso wake ulikuwa umetabasamu kwenye runinga na hakujua afanye nini na huu mwingine. Kisha akatafuta macho ya Royce. Royce alikuwa amembeba Nola.

"Babu yuko kwenye tivii!" Nola alishangilia.

"Ulikuwa unacheka," alisema Royce polepole. "Mzee, dunia nzima inatuuliza tunastahili au hatustahili, na wewe ulikuwa unacheka."

"Royce, mwanangu, ulikuwa mzaha. Unajua ulikuwa mzaha."

"Mimi najua. Yule seneta ndiye hajui. Au anajua sana."

Akageuka na mtoto mkononi, wakatoka bila kumaliza samaki.

Seneti ikapiga kura, ikakataa.

Kesho yake Kaz alikuta donge la sufu nyekundu mlangoni. Alidhani ni la mtoto fulani, akaliokota akaliweka dirishani. Keshokutwa yake yakawa mawili. Baadaye yakaja ya kila rangi, mengine yakiwa yamechomwa sindano za kufumia katikati, na hakumwona hata mmoja wa walioyaleta, ingawa theluji ilikuwa na nyayo za viatu vya kazi ambavyo yeye mwenyewe alikuwa navyo jozi moja. Bernadeta aliyakusanya kwenye kapu la nguo.

"Yatupe," Kaz alimwambia.

"Sufu ni sufu," alisema Bernadeta. "Mimi sijalelewa kutupa."

Kule Benki watu walihama meza yake. Odessa peke yake ndiye aliyevuta kiti akaketi mbele yake, na hakuketi kwa wema.

"Mdomo wako, Kaz, ungeuchomelea pamoja na ile milango."

"Nilikuwa namtuma na ndoo, Odessa."

"Najua. Sote tulijua. Na mimi nilicheka, tena nilicheka zaidi yako, Mungu anisamehe. Shida ni kwamba yule hakurudi analia. Amerudi na mvuke umejaa ndoo." Akainama karibu. "Sasa mpigie simu. Mwambie ukweli."

"Ukweli upi?"

"Wa Hollis."

Kaz alitazama kiti cha karibu na mashine ya kahawa. Hakuna mtu aliyekikalia kiti kile tangu majira ya baridi yaliyopita.

Alimpigia kijana simu, na kijana akaja, maana hakuwa mtu mbaya. Akaketi sebuleni kwa Kaz, akawasha kamera, Bernadeta akaleta keki. Kaz alikuwa amevaa shati la kanisani. Kwanza maneno yaligoma. Halafu akaanza, na alipoanza alisema kama anavyosema mtu anayetapika.

Alisema Hollis alikuwa fundi wa injini, mtu mkubwa asiyeongea. Asubuhi moja Hollis aliinamisha kichwa kifuani. Kulala ni marufuku. Ukikamatwa unaandikwa, ukiandikwa mara ya pili unafukuzwa. Msimamizi alikuwa anakuja. Basi wenzake wakafanya walichokuwa wakifanyiana miaka yote: wakamlinda. Mmoja akamwinua kichwa na kukiegemeza ukutani. Mwingine akamvalisha kofia mpaka kwenye macho. Kaz akafungua gazeti, akalisimamisha kwenye mikono ya Hollis kama anasoma, na msimamizi akapita, akasema habari za asubuhi, wakaitikia wote. Walimwacha apumzike. Walitaniana hata, kwamba leo Hollis anasoma taratibu sana. Ilipofika saa ya chakula ndipo Odessa alipomgusa bega na gazeti likaanguka.

"Daktari alisema angewahiwa angepona," Kaz alisema. "Mimi ndiye niliyeshika gazeti. Unaniuliza huwa tunafanya nini mle? Tunafanya hivyo. Tunangoja kuitwa. Mimi nilikuwa natengeneza mlango, wewe ungeufunga usingesikia kelele. Hakuna mtu mle anayetaka kulipwa kwa kukaa. Tunaona aibu. Ndiyo maana tunacheka."

Bernadeta alikuwa amesimama mlangoni na kisu cha keki. Habari ya gazeti alikuwa haijui. Kijana alizima kamera.

"Pole sana, mzee," akasema. "Lakini nikuambie kama baba yangu. Siwezi kuirusha hii."

"Kwa nini? Ule mzaha uliurusha."

"Kwa sababu najua watakavyoigeuza. Watasema huko Michigan mtu analipwa mpaka akiwa maiti."

Kaz alijua kwamba kijana amesema kweli. Mwenyewe angekuwa baa ya Stosh, na Hollis angekuwa mtu wa mji mwingine, angeusema mzaha huo huo.

Karibu na Krismasi pesa zikaja. Seneti ilikuwa imekataa, lakini Ikulu ikatafuta njia ya pembeni ikaikopesha Bransted, na watu walipiga honi mjini kutwa nzima. Kaz aliposikia alikaa kitako kwenye ngazi za mlango na kushika uso. Akadhani amesamehewa. Lakini msaada ule ulikuja na masharti, na sharti la kwanza lilikuwa Benki ifungwe. Odessa alitoka getini na kikombe chake cha kahawa ndani ya mfuko wa karatasi. Watu wa mle walitawanyika bila kuagana sana. Hawakuwa na la kusema ambalo hawakuwa wamelisema kwenye karata.

Masika, kampuni ikasema ili ipone lazima ikate viungo. Ikataja viwanda vya kufungwa. Wexley ilikuwemo.

Je, ni kwa ajili ya mzaha wa Kaz? Mimi sijui, wala hakuna ajuaye. Vilifungwa viwanda vingine ambavyo hakuna mtu aliyetaja kufuma hata soksi. Wakubwa waliochora magari yasiyonunulika walistaafu kwa heshima, na sijasikia mtu akiwapelekea sufu. Lakini mji uliofiwa hutafuta mchawi, na mchawi wa mbali hafai; anatakiwa wa mtaa uleule, unayeweza kumnyima salamu dukani. Wakamnyima. Wanda peke yake, aliyekuwa akipinga msaada tangu mwanzo, aliendelea kuja kila Jumapili, na hakusema tena habari za saluni.

Kaz hakuwa na pa kwenda alfajiri. Aliamka saa ileile, akavaa, akaketi jikoni. Siku moja Bernadeta akamwekea mbele kapu lile la sufu na sindano mbili.

"Nionyeshe," akasema Kaz.

Vidole vya fundi wa kuchomelea ni vizito, viliungua vikapoteza hisia. Alifumua na kuanza upya mara nyingi. Nyekundu ikaungana na kijani, kijani na ile ya rangi ya machungwa. Kila donge alilitambua: hili lilikuja na sindano katikati, hili lililowa theluji, hili aliliweka dirishani akidhani ni la mtoto. Uongo wake ukawa kweli tupu. Kaz Dudek alikaa bure kutwa akifuma skafu, ila sasa hakuna aliyemlipa.

Shule zilipofungwa, binamu wa Royce akaja na lori dogo la kuwahamisha. Lilikuwa limeundwa na wale wale wageni, jipya, linang'aa. Alilisimamisha kwenye njia ya kuingilia kwa Kaz, mahali ambapo kwa maisha yake yote gari la nje halikuwahi kugusa tairi, kisha akashtuka.

"Samahani, mzee, niliondoe?"

"Liache," alisema Kaz. "Kuna kivuli hapo."

Tessa alilia waziwazi shingoni mwa mama yake. Royce alifunga kamba ya mwisho, akaja kwa Kaz, akampa mkono, akaushika muda mrefu kuliko desturi.

"Nilikukasirikia sana, mzee."

"Najua, mwanangu."

"Bado kidogo."

"Na hilo najua."

Nola alitoka mbio nyumbani kwao na ndala miguuni, kinyume kama kawaida. Kaz akamvalisha skafu. Jua lilikuwa kali, sufu inawasha, na hata ilipozungushwa shingoni mara nyingi ncha zake ziliburuza chini. Mtoto aliipenda palepale. Akashika ncha moja, ile nyingine akampa babu yake mkononi.

"Babu, ndiyo ile ya kuzunguka kiwanda?"

"Ndiyo hiyo."

"Basi wewe shika huku, mimi nashika huku. Nikifika Tennessee nitaivuta, na wewe utajua nimekuita. Itafika, si ndiyo?"

Kaz akasikia jibu likimjia ulimini lenyewe, tayari limevaa nguo za mzaha: itafika, na itabaki ya kumnyongea seneta. Tessa alikuwa akimtazama. Royce alikuwa akimtazama, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya samaki uso wake ulikuwa kama unamwomba atanie.

Akapiga magoti kwenye saruji ili amwone mtoto machoni.

"Haifiki, mama," akasema. "Ni fupi."

Nola alimsubiri acheke. Alipoona hacheki, midomo yake ikaanza kutetemeka, akaiachia ncha yake ya skafu.